Boliti za chesisi: ziwe za njano, za fedha au nyeusi?

"Ninarejesha pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1965. Nimeshaivua hadi ikabaki fremu tupu, na sasa nina ndoo mbili za boliti, nati na washa. Rafiki yangu anasema nizipeleke zote zikachovywe zinki ya njano, eti ndivyo magari ya zamani yalivyokuwa. Mwingine anaapa zilikuwa kadimiamu. Kwenye video naona watu wanazipulizia rangi nyeusi tu na maisha yanaendelea. Nataka ionekane kama siku ilipotoka kiwandani, lakini nitaiendesha kwenye mvua na vumbi, siyo ya kufunikwa turubai. Nimesikia pia kwamba naweza kuchovya mwenyewe nyumbani kwa siki na betri. Nianzie wapi?"

Kabla hatujafika kwenye rangi, nikuulize kuhusu hizo ndoo. Umeshaziosha? Kama bado, usizioshe. Kama boliti za ekseli bado hazijachanganyika na za kabini, zitenge leo hii, hata kwa mifuko ya nailoni na kalamu. Sehemu kubwa ya majibu unayoyatafuta imo humo ndani, chini ya grisi na udongo, na siku utakayozimwaga kwenye dizeli na kuzisugua kwa brashi ya waya utakuwa umejifutia ushahidi kwa mkono wako.

Hofu yako naielewa. Utumie fedha na miezi, gari liwe safi, halafu aje mtu anayejua, apige magoti, achungulie chini na kutikisa kichwa. Marafiki zako wote wawili wana sehemu ya ukweli, na hata watu wa rangi nyeusi wanayo yao. Kosa lao ni kudhani kwamba kulikuwa na jibu moja kwa gari zima. Halikuwapo. Fremu nzima yenye boliti za njano zinazometameta kila upande haijawahi kutoka kiwandani. Hiyo ni sura ya warejeshaji wa baadaye, waliopeleka ndoo nzima kwa mchovyaji siku moja kwa sababu ilikuwa rahisi.

Gari la wakati ule liliunganishwa kwa mfuatano, na mfuatano huo ndio ulioamua sura ya kila boliti. Kwa kawaida fremu ilifika ikiwa imeshapakwa rangi nyeusi, na ribiti zake na baadhi ya mabano yake yakiwa tayari mahali pake. Kilichokuwa juu ya fremu wakati wa rangi kilitoka cheusi. Kisha kwenye mstari wa kuunganishia, mfanyakazi alichota boliti kwenye sanduku, akaifunga, akaikaza, gari likasogea. Boliti hiyo hakuna aliyerudi kuipaka chochote. Ilibaki na sura aliyoipa mtengenezaji wake, na huyo mtengenezaji si mmoja. Viwanda vilinunua boliti kwa wauzaji mbalimbali, na sanduku la asubuhi lingeweza kutofautiana kidogo na la jioni. Mwishoni, kwenye baadhi ya viwanda, sehemu za chini zilipuliziwa rangi nyeusi harakaharaka ili zisionekane kutoka nje, na ukungu wa rangi hiyo ukaangukia vichwa vya boliti upande mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kuiuliza kila boliti ni hili: uliingia garini lini, kabla ya rangi au baada yake?

Chukua moja, tuseme ile iliyoshika bano la bomba la breki. Usiisugue. Ivue washa yake na ufute taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Tazama mduara ule washa ilipokaa, chini ya kichwa. Mvua haikufika hapo, wala jua, wala mawe ya barabarani. Ukiona kijivu cha kiza kisichong'aa, kama risasi ya penseli, kinachoacha alama ya mafuta kwenye kidole, hiyo ni fosfeti, mchovyo wa fuwele unaoshika mafuta. Ukiona manjano yenye mawimbi ya kijani na waridi, kama mafuta juu ya dimbwi la maji, hiyo ni kromati ya njano, ngozi nyembamba inayowekwa ama juu ya zinki ama juu ya kadimiamu, metali nyingine ya kuchovyea. Fedha yenye ubuluu na mng'ao mkali kwa kawaida ni zinki. Fedha laini, iliyotulia, yenye umaziwa kidogo ndani yake, mara nyingi ni kadimiamu. Kisha tazama meno yaliyokuwa yamezama ndani ya nati. Huko nako sura ya mwanzo hubaki miaka mingi.

Sasa geukia fremu yenyewe, pale washa ilipogusa. Kama chini yake kuna rangi nyeusi ya kiwandani, boliti ilikuja baada ya rangi. Kama kuna duara la chuma kisichopakwa, na rangi imepanda juu ya kichwa cha boliti na kukatika pembezoni mwa washa, vilipakwa pamoja. Piga picha kabla ya kuendelea na inayofuata. Nusu saa kwenye boliti kumi itakufundisha zaidi ya mabishano ya marafiki zako.

Lakini miaka sitini ni mingi, na mafundi wengi wameshapita chini ya gari hilo. Tazama alama za kichwani. Mistari mitatu inayotoka katikati ni gredi 5 ya Marekani, yaani daraja la uimara wa boliti, mistari sita ni gredi 8, iliyo ngumu zaidi. Ukikuta kichwa kimeandikwa 8.8, hiyo ni ya mfumo wa milimita, na kwenye pikapu ya Kimarekani ya 1965 ni mgeni; usiisikilize inapokwambia habari za kiwandani. Boliti zilizofanya kazi moja, kwa mfano nne za mhimili uleule, zikiwa na alama moja na sura moja chini ya washa, ushahidi wake una uzito. Moja ikitofautiana na wenzake watatu, waamini watatu.

Pale ambapo vyuma vyenyewe vimenyamaza, tafuta maandishi. Kwa magari mengi ya Kimarekani kuna vitabu vya maelekezo ya kuunganisha na katalogi za vipuri. Ford, kwa mfano, walikuwa wakimalizia namba za boliti zao za kawaida kwa herufi S na tarakimu iliyoonyesha aina ya umalizio, yaani mchovyo au rangi ya juu. Kwa Chevrolet yako tafuta kitabu cha mwaka wako hasa. Cha mwaka wa jirani kinaweza kukupoteza.

Tuje kwenye michovyo yenyewe, maana ukijua kila mmoja unafanya kazi vipi hutachagua kwa macho peke yake.

Zinki hulinda chuma kwa kujitoa mhanga. Maji yakifika na mkwaruzo ukafunua chuma, zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Ndiyo maana boliti ya zinki huanza kwa kutoa unga mweupe, na kutu nyekundu huja baadaye, zinki ikiisha. Kromati, ile ya njano au isiyo na rangi, ni ngozi nyembamba sana juu ya zinki inayochelewesha huo unga mweupe. Manjano ya zamani yalitokana na kromiamu ya aina ya sita, ambayo ni sumu na husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye magari mapya kuanzia Julai 2003, pamoja na kadimiamu, risasi na zebaki, na wachovyaji wengi leo wanatumia kromiamu ya aina ya tatu iliyotiwa rangi. Hiyo hutoka na njano moja tulivu, kama chai ya limau, bila yale mawimbi ya kijani na waridi. Ukitaka mawimbi, mwombe mchovyaji akuonyeshe kipande alichokwisha kukifanya, usikubali maneno.

Kadimiamu nayo ilipendwa kwa sababu za kweli. Haitoi unga mwingi unaojaza meno, inavumilia chumvi, na huteleza, hivyo nati hukaza vizuri. Lakini ni sumu ya figo na mapafu, na maji yake ya kuchovyea kwa kawaida yana sianidi. Mimi siishauri kwa gari la kuendesha, hata pale inapokuwa halali. Zinki isiyotiwa dawa ya mng'ao, ikamaliziwa kwa kromati isiyo na rangi, hukaribia sana sura yake. Mtu akisimama akiwa wima hataitambua tofauti, na mwenye kupiga magoti na tochi nitamheshimu, lakini siwezi kumfuata hadi kwenye pipa la sianidi.

La muhimu zaidi: baadhi ya boliti zako za zamani huenda tayari ni za kadimiamu. Usizisugue kavu kwa brashi ya mashine, usizipige msasa, na usizipashe moto kwa gesi ili kulegeza nati iliyoganda. Kadimiamu huyeyuka kwenye nyuzi 321 za Selsiasi tu, na mvuke wake umeua watu waliodhani wamepata mafua. Fanya kazi ikiwa imelowa, vaa glavu, na vumbi lake usilipulize kwa kompresa. Kama unataka kuwa na hakika, kuna kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei kinachotaja madini kwa sekunde chache. Wauzaji wakubwa wa vyuma chakavu huwa nacho.

Fosfeti ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Thomas Coslett aliipatia hataza Uingereza mwaka 1906, kampuni ya Parker ikaipeleka mbali zaidi Marekani kuanzia 1915, na tangu hapo imekaa chini ya magari bila kujisifu. Chuma hutumbukizwa kwenye maji ya moto yenye asidi ya fosfori na chumvi za zinki au manganizi, na juu yake huota fuwele ndogondogo. Fuwele zenyewe hazizuii kutu kwa muda mrefu. Kazi yake ni kushika mafuta, kama sifongo. Fosfeti bila oili itashika kutu wiki ya kwanza ya mvua, na mwenye gari atalaumu mchovyo. Ukiichagua, kubali kwamba mara moja au mbili kwa mwaka utalala chini ya gari na kitambaa chenye oili au nta. Kama kazi hiyo huipendi, sema mapema.

Rangi nyeusi ya kopo nisiseme sana. Ni sahihi pale tu boliti ilipopakwa pamoja na fremu, na hapo ifunge kwanza ndipo upake. Boliti iliyopakwa ikiwa peke yake na kisha kukazwa itamenyeka kwenye pembe kwa spana ya kwanza.

Kuna pia vyuma ambavyo havikuwa na kitu chochote. Propela, fimbo ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, mara nyingi iliachwa chuma kitupu chenye michirizi ya rangi ya utambulisho, na fimbo za usukani zilibaki na ile ngozi ya kijivu-buluu ya tanuri la kufulia chuma. Jaribu nta kwanza. Vanishi inayong'aa huvipa sura ya plastiki, na baada ya muda maji huingia chini yake na kuchora kutu kama mizizi.

Nikae kidogo kwenye maandalizi, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika bila mwenyewe kujua. Mchovyo hauna sura yake wenyewe; unafuata ngozi ya chuma. Boliti ya kiwandani ilikuwa laini, ikiwa na alama za kufinyangwa. Ukiipulizia mchanga mkali inatoka na vinyweleo, na mchovyo wowote juu yake utaonekana mkavu, kama sukari. Alama za kichwani nazo zinafifia. Tumia shanga ndogo za kioo kwa shinikizo dogo, au pipa la kutikisa lenye mawe laini, na uvumilie. Unene nao una hesabu yake. Kwenye meno yenye pembe ya nyuzi 60, mchovyo wa maikroni 8 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huongeza kipenyo cha meno kwa takriban maikroni 32, kwa sababu unapanda pande zote mbili za mteremko. Ndiyo maana nati iliyokuwa ikiingia kwa vidole hugoma. Na ndiyo maana kutumbukiza boliti za meno madogo kwenye zinki iliyoyeyushwa, kama mabati, si wazo zuri, ingawa kwenye kingo za bodi ya Land Rover za mwanzo huo ndio umalizio sahihi kabisa.

Sasa siki na betri yako. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Asidi inapokula kutu, na umeme unapoweka zinki, haidrojeni huzaliwa juu ya chuma. Sehemu yake hupotea kama mapovu, sehemu huzama ndani. Kwenye chuma laini haileti shida kubwa. Kwenye chuma kigumu kilicho chini ya mkazo, hujikusanya kwenye sehemu dhaifu na kukipasua, na hufanya hivyo kwa kuchelewa: saa kadhaa, wakati mwingine siku. Nilijifunza hili kwa spring washa, zile washa za chuma kigumu zilizokatwa upande mmoja. Nilizilaza kwenye asidi usiku kucha, nikazichovya zinki mwenyewe, zikatoka za kupendeza. Jioni nikazifunga kumi na mbili kwenye springi za nyuma, nikakaza, nikafunga karakana. Asubuhi nilikuta vipande vinne sakafuni. Nilipogusa nyingine kwa ncha ya bisibisi ikakatika mbele ya macho yangu, mkato safi, bila kupinda hata kidogo, kama biskuti. Zilikuwa washa, na gari lilikuwa limesimama. Fikiria kama ingekuwa boliti ya usukani.

Kwa hiyo nyumbani chovya vitu laini: vibano vya waya, skrubu za bodi, mabano madogo. Spring washa, klipu za springi na boliti za gredi 8 usiziguse kwa asidi wala kwa betri yako. Zisafishe kwa njia ya kusugua, au kwa dawa za kutoa kutu zisizo na asidi, na kama lazima zichovywe, zipeleke kwa mtu mwenye oveni. Dawa ya haidrojeni ni kuoka: nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, kuanzia ndani ya saa chache baada ya kuchovya, kwa saa kadhaa na hata siku nzima kulingana na ugumu wa chuma. Kuoka hutangulia kromati, kwa sababu ngozi ya kromati hukauka na kupasuka kwenye joto hilo. Boliti ya njano iliyookwa baada ya kupata unjano wake imepoteza kinga yake, hata kama bado inapendeza.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho: msuguano. Boliti ileile, ikikazwa kwa toki ileile, yaani nguvu ileile ya kuzungusha spana, hubana zaidi ikiwa na kadimiamu kuliko ikiwa na zinki kavu. Ukipaka oili juu ya fosfeti, nayo hubana zaidi kuliko ilivyokusudiwa kwa boliti kavu. Namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako ilipangwa kwa umalizio fulani. Ukibadilisha umalizio kwenye vichwa vya silinda, mihimili ya chini au magurudumu, tafuta namba inayolingana nao.

Ningekuwa mimi na pikapu yako, ningefanya hivi. Boliti zote za usukani, breki na mikono ya mbele ningenunua mpya za gredi sahihi kutoka kwa muuzaji ninayemwamini, zikiwa na fosfeti au zinki ya kiwandani, hata kama alama za kichwani hazifanani na za 1965. Za zamani ningezitia kwenye kopo lenye lebo. Siku ukiwa na waamuzi wa maonyesho wa kuwaridhisha, utaamua. Zilizokuwa fosfeti zibaki fosfeti, kwa oili. Zilizokuwa kadimiamu ningezipa zinki isiyong'aa. Njano ningeiweka pale tu nilipoikuta chini ya washa. Na ningeacha tofauti ndogo kati ya boliti na boliti, maana hata waamuzi wakali wa magari ya kale, wale wa chama cha Corvette, gari la michezo la Chevrolet, kwa mfano, hukata alama kwa kitu kilichofanywa vizuri kupita kiwanda chenyewe.

Kuna mahali maneno yangu hayatoshi na lazima mtu aone kwa macho yake. Boliti au fimbo ya usukani yenye mstari mwembamba, shimo la kutu kwenye shingo, au meno yaliyovutika, ipelekwe kwa fundi wa mashine akaipime ufa kwa sumaku kabla hujafikiria rangi. Ukijisikia homa, kifua kubana au ladha ya chuma mdomoni baada ya kusugua au kupasha moto vyuma vya zamani, nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje neno kadimiamu, kwa sababu daktari hataliotea.

Na mchovyaji, mtembelee kabla ya kumwachia ndoo. Mpelekee boliti tatu tu kwanza. Mwambie ni za gari na utaje gredi zake, muulize unene atakaoweka, na muulize anaoka kwa muda wa saa ngapi baada ya kuchovya. Akikuuliza "kuoka kwa ajili ya nini?", chukua boliti zako tatu.